Simu inaimba, redio kimya: kutafuta ubovu unapounganisha muziki wa kidijitali na redio kubwa ya nyumbani

Tanga bado ina nyumba nyingi zenye redio kubwa za zamani: amplifaya nzito ya chuma, spika mbili za mbao zinazofika kiunoni, pengine na meza ya santuri iliyofunikwa kitambaa. Utazikuta kwenye barabara za namba za Ngamiani, Chumbageni, hadi Raskazone kule ufukweni. Mitambo hii imepiga santuri za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz na taarab ya Black Star na Lucky Star, na mingi bado ni mizima. Inanisikitisha kuona mtambo wa namna hiyo unauzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu mjukuu aliunganisha simu, sauti haikutoka, ikaamuliwa kuwa redio imekufa. Mara nyingi amplifaya haina kosa. Ubovu uko njiani, kati ya wimbo na amplifaya: kwenye pini, waya, kitufe, au mpangilio ndani ya simu.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, kama watu wanavyozieleza wanapoleta mtambo. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi, nikaenda kwenye kile cha nadra.

Kabla ya kugusa chochote

Sauti ya kidijitali husafiri hivi: faili au mtandao, kisha kichezaji (simu, kompyuta, kicheza flashi), kisha kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti, ambacho madukani kinaitwa DAC, kisha waya, amplifaya, na mwisho spika. DAC inaweza kuwa ndani ya simu, ndani ya kipokezi cha Bluetooth, au kisanduku peke yake.

Nataka ukumbuke jambo moja kuhusu safari hiyo, maana litakuokolea muda mwingi. Ubovu ulio kabla ya DAC kwa kawaida huonekana kama kimya, kukatikakatika, au mtambo kuukataa wimbo. Ubovu ulio baada ya DAC kwa kawaida huonekana kama mngurumo, mkwaruzo, sauti hafifu, au spika moja kunyamaza. Namba haziwezi kunguruma. Ukisikia mngurumo, usipoteze jioni nzima ukibadilisha programu za simu.

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Weka redio ya FM, CD au kaseti kwenye amplifaya ileile. Ikipiga vizuri spika zote mbili, amplifaya na spika ni nzima na tatizo liko upande wa kidijitali. Ikishindwa hata hapo, kagua kwanza vitufe vya amplifaya nilivyovitaja chini ya dalili ya kimya, kisha nenda kwenye sehemu ya spika moja au ya kumwita fundi. Unapojaribu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na shusha volyumu hadi sifuri kabla ya kuchomeka au kuchomoa pini yoyote. Pini ya RCA (zile za duara, nyekundu na nyeupe, za nyuma ya amplifaya) ikiingia huku volyumu iko juu hutoa kishindo kinachoweza kuua tweeta, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba.

Onyo kwa walionunua mtumba: soma nyuma ya amplifaya kabla ya kuichomeka. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mitambo iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, na ya Marekani ni volti 120. Ukichomeka mojawapo moja kwa moja ukutani utasikia harufu kabla ya kusikia muziki. Baadhi ina kiteuzi cha volti mgongoni; kigeuze mtambo ukiwa umechomolewa. Isiyo nacho inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa wati unaozidi ule ulioandikwa kwenye mtambo. Adapta ya pini hubadilisha umbo la plagi tu, volti zinabaki vilevile.

Dalili: kimya kabisa

Taa inawaka, simu inaonyesha wimbo unakwenda, spika hazisemi kitu.

Anza na kiteuzi cha chanzo. Kama waya umeingia AUX, kiteuzi kiwe AUX. Kisha tafuta kitufe kilichoandikwa TAPE MONITOR. Hiki ndicho kinachotesa watu kuliko vyote kwenye amplifaya za miaka ya 1970 na 1980. Kikibonyezwa, amplifaya huacha kusikiliza AUX na CD na kusubiri sauti kutoka kwenye dekki ya kaseti ambayo huenda haipo tena nyumbani. Mtoto akikigusa wakati wa kufuta vumbi, redio nzima inakuwa kimya bila kuharibika popote. Kando yake angalia vitufe vya SPEAKERS A na B, kwa sababu amplifaya nyingi zinaweza kuzima jozi zote mbili.

Nyuma ya mtambo, hakikisha pini hazijaingia kwenye tundu la kutolea sauti. Matundu ya TAPE yako jozi mbili: REC au OUT hutoa, PLAY au IN hupokea. Waya wa simu ukiwa kwenye REC hutasikia kitu.

Kwenye simu, tazama sauti inaelekezwa wapi. Simu iliyowahi kuunganishwa na sabufa ya jirani au redio ya gari inaweza kurudi huko yenyewe. Nimeona watu wakihangaika sebuleni huku wimbo unapigwa kwenye spika ndogo ya chumbani.

Ukitumia waya wa mwanga (optical) kutoka kwenye runinga, angalia mambo mawili. Kwanza, vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha za waya viwe vimetolewa. Runinga ikiwa imewashwa, ncha ya mbali inapaswa kuonyesha nukta nyekundu. Pili, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga au king'amuzi uchague PCM, yaani sauti isiyofungashwa. Ukiacha Dolby Digital au "auto", runinga inaweza kutuma sauti iliyofungashwa ambayo DAC ya kawaida ya spika mbili haiwezi kuifungua. Matokeo yake ni kimya au kelele kali, na watu hudhani DAC ni feki.

DAC ya USB ikiunganishwa na simu ya Android huhitaji kiunganishi cha OTG, kinachoiwezesha simu kutumia kifaa cha USB, na kwenye simu nyingine OTG inabidi iwashwe kwenye mipangilio. DAC kubwa pia hula umeme mwingi kuliko simu inavyoweza kutoa. Ikiwaka na kuzima, iwekee chanzo chake cha umeme.

Mwisho kabisa ni amplifaya yenyewe. Nyingi hutoa mlio wa "tik" sekunde chache baada ya kuwashwa: ni relei inayounganisha spika baada ya mtambo kujikagua. Kama huo mlio ulikuwepo zamani na sasa haupo, zima, chomoa, toa waya wote wa spika, kisha washa tena. Ikilia, kuna shoti kwenye waya wa spika, mara nyingi ni unywele mmoja wa shaba ulioruka kutoka kibanio kimoja hadi cha pili. Isipolia, acha hapo. Usiizibe relei wala kuiruka kwa waya, kwa maana ndiyo inayozuia umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri) usiunguze koili za spika.

Dalili: mngurumo usiokwisha

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo watu hutumia fedha nyingi bure na ndipo penye hatari ya kweli.

Sikiliza kwanza. Shusha volyumu hadi sifuri. Mngurumo ukishuka nao, unaingia kutoka nje, kwenye waya au kifaa kilichounganishwa. Usiposhuka, chomoa waya zote za vyanzo vya sauti uzibakize za spika tu. Kama bado unanguruma vilevile, tatizo liko ndani ya amplifaya, na kwenye mtambo wa miaka 40 washukiwa wa kwanza ni kapasita kubwa za kusafisha umeme zilizokauka. Hiyo ni kazi ya fundi. Usifungue kifuniko ukidhani kuchomoa plagi kunatosha: kapasita hizo hushika chaji hata baada ya umeme kutoka, na chaji hiyo inaweza kukudhuru.

Mngurumo unaoshuka na volyumu kwa kawaida ni wa mzunguko wa ethi. Laptopu yenye chaja ya pini tatu ina njia yake ya kwenda ardhini. Amplifaya ina yake, moja kwa moja au kupitia waya wa dishi na king'amuzi. Ukiviunganisha kwa waya wa sauti, ganda la waya huo linakuwa daraja la tatu, na umeme mdogo wa hezi 50 huanza kuzunguka humo. Amplifaya haiwezi kuutofautisha na muziki. Inaukuza pamoja na kila kitu.

Kuuthibitisha ni rahisi. Wimbo ukiwa unapigwa, chomoa chaja ili laptopu itumie betri yake. Mngurumo ukikata papo hapo, umepata chanzo. Kama haukukata, chomoa waya wa dishi au antena nyuma ya king'amuzi. King'amuzi kilichounganishwa na redio husababisha haya mara nyingi sana, na mwenye nyumba huilaumu DAC aliyoinunua juzi.

Tiba nazipanga kwa gharama. Kwanza, chomeka vifaa vyote vya sauti kwenye ekstensheni moja yenye ethi nzima. Mara nyingi mngurumo hupungua au huisha. Pili, kama DAC yako na runinga au kompyuta vina tundu la mwanga, tumia waya wa mwanga. Ni plastiki tu ndani, haipitishi umeme, hivyo mzunguko hauwezi kutokea kupitia humo. Tatu, nunua kisanduku kidogo cha transfoma za kutenganisha sauti, chenye matundu ya RCA pande zote mbili. Hakihitaji umeme. Vile vya bei rahisi sana hupunguza besi, kwa hiyo omba kusikiliza kabla ya kulipa.

Lisilofanywa ni kukata pini ya ethi au kuipindisha. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu ushauri huo unazunguka sana vijiweni, na tatizo ni kwamba unafanya kazi: mngurumo unaisha kweli. Lakini ukishaikata, waya wa moto ukigusa ganda la chuma ndani ya mtambo, njia ya kwenda ardhini inakuwa mwili wa yule atakayeshika volyumu. Katika nyumba yenye sakafu ya saruji na watoto wanaotembea pekupeku, mngurumo ni afadhali mara elfu.

Vivyo hivyo ukigusa ganda la amplifaya ukasikia kutekenywa au kupigwa, simama. Kuna vifaa vya pini mbili ambavyo hutekenya kidogo kwa jinsi vilivyoundwa, ila huwezi kujua kwa kidole kama ni hivyo au ni waya uliochubuka. Chomoa, umwachie mwenye mita ya umeme apime.

Kuna mngurumo wa aina nyingine, mkali zaidi, wenye mluzi au sauti ya nyuki. Huo kwa kawaida ni chaja rahisi ya simu au adapta ya kipokezi cha Bluetooth. Cheza muziki simu ikiwa haiko kwenye chaji uone. Kipokezi kinachokula umeme kwenye tundu la USB la mtambo uleule kinaoupelekea sauti huleta kelele hiyo karibu kila mara. Kipe adapta yake ya pembeni nayo huisha.

Na kama mngurumo upo santuri inapochezwa tu, tafuta waya mwembamba unaotoka kwenye meza ya santuri, wenye ncha ya umbo la uma. Uko pale ufungwe kwenye skrubu iliyoandikwa GND. Wengi huuacha unaning'inia kwa kuwa hawaoni kazi yake.

Dalili: spika moja tu inaimba

Badilisha pande. Kwenye amplifaya, pini nyekundu iingie palipokuwa nyeupe na nyeupe palipokuwa nyekundu. Ukimya ukihamia spika ya pili, tatizo liko kabla ya hapo: waya, simu, DAC. Ukibaki palepale, tatizo liko kwenye amplifaya au spika. Kisha zima mtambo, badilisha waya za spika nyuma ya amplifaya, urudie hesabu ileile. Kwa mabadiliko hayo mawili utakuwa umejua kipande kibovu bila mita yoyote.

Kinachopatikana mara nyingi zaidi ni jeki ya simu isiyozama hadi mwisho kwa sababu kava ya simu ni nene. Toa kava. Halafu kuna kitufe cha BALANCE kilichosogezwa, halafu waya uliokatika ndani karibu na pini. Uzungushe polepole uone kama sauti inarudi.

Kwetu pwani kuna chanzo ambacho miongozo ya kigeni hukitaja kwa kupita tu: chumvi. Hewa ya bahari hufunika chuma cha pini na matundu kwa utando wa kutu, na nyumba za Raskazone na Sahare zilizo jirani na maji hupata shida hiyo mapema. Mtambo uliokaa masika nzima bila kuwashwa unaweza kuamka na spika moja, au sauti inayokuja ukiupiga kofi. Hakuna kilichoungua. Zima, chomoa, toa pini za RCA moja moja na uzirudishe ukizizungusha mara kadhaa. Msuguano huo hukwangua utando. Futa pini kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, uache ikauke. Kwa kiteuzi cha chanzo na volyumu inayokwaruza, zungusha mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini mtambo ukiwa umezimwa. Ikisaidia kwa siku mbili kisha ikarudi, inahitaji kupuliziwa dawa ya kusafishia kontakti kwa ndani, na hapo mpe fundi. Usitumie mafuta ya cherehani wala mafuta ya taa. Hushika vumbi na mengine hula plastiki.

Ila usitafute ubovu usiokuwepo. Nyimbo nyingi za zamani za dansi na taarab zilirekodiwa kwa mono. Spika zote mbili zitatoa kitu kilekile, na mwimbaji atasikika katikati. Ndivyo rekodi ilivyo.

Dalili: sauti hafifu, au inapasuka

Hizi mbili nazishughulikia pamoja kwa sababu chanzo chake kikuu ni kimoja: viwango visivyolingana.

Kicheza CD hutoa takriban volti 2 wimbo ukiwa juu kabisa. Simu nyingi kwenye tundu la hedifoni hutoa chini ya hapo, pengine nusu au robo. Kwa hiyo simu ikiwa katikati ya volyumu yake, amplifaya hupewa umeme mdogo, nawe unalazimika kuipandisha hadi inakuza na mvumo wa "shhh" wa simu. Weka simu karibu na mwisho, kama asilimia 80 au 90, kisha tumia volyumu ya amplifaya kwa kazi ya kila siku. Kwa Bluetooth kumbuka kuna volyumu mbili, ya simu na ya kipokezi, na zote zinahitaji kuwa juu.

Ikiwa sauti inapasuka hata kwa chini, tazama tundu ulilochomeka. PHONO ni ya santuri peke yake. Sindano ya santuri ya kawaida hutoa takriban milivolti 5, na tundu hilo huikuza mara nyingi sana na kuongeza besi kwa makusudi, kwa kuwa santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa. Ukiingiza simu humo, sauti inakuwa nzito, imevurugika na inapasuka. Hamishia AUX, CD au TUNER. Matundu haya matatu kwa kawaida yanalingana, kwa hiyo kama AUX imechoka tumia TUNER bila wasiwasi.

Kinachofuata ni ikwalaiza ya simu. Vijana hupandisha besi zote hadi juu. Namba zina kilele zisichoweza kuvuka, na wimbo wa kisasa tayari umekifikia; ukiongeza besi, kilele hukatwa, ukasikia mkwaruzo kwenye kila pigo la ngoma. Weka ikwalaiza sawa, ongeza besi kwenye amplifaya ukipenda.

Mkwaruzo unaokuja volyumu ikipanda tu ni amplifaya kufika mwisho wa nguvu zake. Shusha mara moja. Amplifaya ndogo iliyolazimishwa huua tweeta haraka kuliko amplifaya kubwa iliyotulia.

Usichukue sauti kutoka kwenye vibanio vya spika vya sabufa au redio nyingine ukaingiza AUX. Umeme wa hapo ni mkubwa mno na unaweza kuua amplifaya zote mbili.

Na wakati mwingine ni faili. Wimbo uliorekodiwa kutoka kaseti iliyochakaa, ukabanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde, utasikika mbaya zaidi kwenye spika nzuri kuliko kwenye simu, kwa kuwa spika nzuri huonyesha kila kitu. Kuugeuza kuwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza ubora, hakuurudishii kilichokwisha kutupwa. Tafuta nakala nyingine.

Dalili: flashi haisomwi, au nyimbo zimechanganyika

Vichezaji vingi vya USB, hasa vya zamani na vya bei nafuu, husoma muundo wa FAT32 tu. Flashi nyingi kubwa za leo huja na exFAT, na iliyopitia kwenye kompyuta inaweza kuwa NTFS. Hamisha nyimbo kwanza, kisha ifomati upya kwa FAT32. Kufomati hufuta kila kitu. Kama nyimbo zinaonekana lakini nyingine zinarukwa, angalia aina: MP3 inakubalika karibu kila mahali, FLAC si kila mahali, na faili za M4A hukataliwa na vichezaji vingi vidogo.

Nyimbo kuvurugika mpangilio si ugonjwa wa flashi. Vichezaji vingi hufuata utaratibu wa jinsi faili zilivyonakiliwa, si alfabeti. Anza majina na 01, 02, 03, na zinakili folda moja baada ya nyingine.

Dalili ninayotaka uijue vizuri ni hii: nyimbo za mwanzo zinapiga safi, za baadaye zinakatika, zinatoa milio, au zina sekunde sifuri. Shuku flashi feki. Kuna flashi zinazojitangaza kwa kompyuta kuwa na GB 128 wakati ndani zina sehemu ndogo tu. Zikijaa, zinaandika juu ya vya zamani au hewani. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows huijaza na kuisoma upya, kisha hukuambia ukubwa wa kweli. Ipime siku ileile uliyonunua, kabla risiti haijapotea na kabla hujafuta nakala za kompyuta. Rekodi za harusi na za wazee waliokwisha kututoka zisikae mahali pamoja tu.

Dalili: Bluetooth inakatika

Umbali na ukuta ndio chanzo cha kwanza. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, pamoja na Wi-Fi za kawaida na majiko ya mikrowevu, na ukuta mnene wa matofali humeza sehemu kubwa. Usiweke kipokezi nyuma ya amplifaya ya chuma, kitoe pembeni. Kisha zima hali ya kuokoa betri kwa programu ya muziki, maana simu nyingi huiua programu skrini ikizimika. Isipokubali kuungana kabisa, iagize simu ikisahau kifaa hicho, futa pia kumbukumbu ya kipokezi, uanze upya.

Sauti kuchelewa nyuma ya midomo unapotazama video ni tabia ya Bluetooth. Kwa muziki haina shida. Kwa filamu tumia waya.

Dalili: muziki wa mtandao unasimama

Angalia bando kwanza, sitanii. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban MB 144 kwa saa. Wa ubora wa CD kwa FLAC unaweza kufika MB 400. Ukisikiliza jioni nzima, kifurushi cha siku kinakwisha kabla ya isha. Pakua nyimbo palipo na Wi-Fi, usikilize bila mtandao.

Kwa wanaotumia Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) kama kichezaji, maadui ni wawili. Wa kwanza ni chaja dhaifu: Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na chaja ya simu ya kawaida huiacha ikijizima katikati ya wimbo. Wa pili ni umeme kukatika ghafla wakati inaandika kwenye memori kadi. Ikigoma kuwaka baada ya umeme kurudi, kadi ndiyo ya kushuku kabla ya bodi. Weka nakala ya kadi kwenye kompyuta, na pawabanki inayoweza kuchaji huku ikitoa umeme husaidia, mradi itoe ampea za kutosha.

Dalili: besi imepotea ingawa spika zote zinalia

Waya wa spika moja umegeuzwa, chanya kwenye hasi. Koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinauana. Zima, geuza waya wa spika moja tu, sikiliza tena wimbo wa mono. Kama hakuna alama za rangi, toa spika kwenye amplifaya na uiguse kwa sekunde moja na betri ya volti 1.5: koni ikiruka nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Acha kabisa, umwite fundi

Moshi au harufu ya kuungua. Fyuzi iliyokatika tena baada ya kubadilishwa mara moja kwa namba ileile. Usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Koni ya spika inayoruka nje na kubaki huko unapowasha, hata bila muziki: chomoa papo hapo, kwani umeme wa moja kwa moja unaiunguza. Ganda linalopiga shoti. Amplifaya inayochemka kiasi cha kutoshikika ikiwa haipigi kitu. Mtambo ulioingiwa na maji ya mvua, hata kama unaonekana umekauka.

Unapompelekea fundi, peleka pia kifaa cha kidijitali na waya uleule uliokuwa unatumia, maana nusu ya mitambo hupona mara tu ikifika mezani na waya mwingine. Mweleze ni tundu gani, spika ipi, na kama dalili ilianza polepole au kwa kishindo. Na mwambie kama redio ilikuwa imewashwa wakati umeme uliporudi; hilo peke yake litamfanya aanze na sehemu ya umeme badala ya kufungua mtambo mzima.